Mwano Usio na Mwenyewe

Baba yangu alifika mbio, rungu mkononi, vifungo vya shati vimeachia, na mtu aliyepigiwa yowe siku hiyo nilikuwa mimi. Mimi ni muuguzi wa zahanati, nimeshazoea kuona mambo ya kutoa machozi, lakini lile la kumwona mzee wangu akinijia pamoja na wanaume wa vijiji viwili sijalizoea. Mpaka leo naweza kuwa nafua nguo, likanijia tu, mikono ikasimama ndani ya maji.

Ili mtu wa mbali anielewe, lazima kwanza nimweleze mwano. Kwetu huku Mbogwe, ng'ambo ya Masumbwe, mwano ni yowe la hatari. Ng'ombe wakiibwa, mtu akivamiwa, nyumba ikishika moto, aliyeona anapiga yowe, na jirani anayelisikia analipokea na kulipaza kwa jirani wa mbele, mpaka linavuka mto na kuingia kijiji kingine. Huulizi kuna nini. Ukiwa unakula unaacha ugali, ukiwa unaoga unavaa njiani. Asiyetoka hutozwa faini, na akirudia hutengwa: hasalimiwi, hapewi moto, mashine haisagi mahindi yake, akifiwa anachimba kaburi peke yake. Baba ndiye mtemi, yaani mkuu, wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji chetu, tangu mimi nasoma shule ya msingi, na sheria hiyo ameitunza kuliko alivyotunza meno yake.

Zilipokuja simu za kupangusa, vijana walimwendea wakamwambia yowe la mdomo linachosha koo na halifiki mbali. Wakaomba kufungua grupu la sungusungu kwenye simu. Baba alikubali kwa sharti moja, kwamba sheria ibaki ile ile. Ujumbe wa hatari ukiingia, aliyeupokea aupeleke mbele: kwa ndugu zake, kwa grupu la kwaya, kwa grupu la wakulima wa tumbaku kule Ushetu. Anayeusoma akakaa nao ni sawasawa na aliyesikia mwano akajifunika blanketi. Niliposimuliwa nilicheka, nikamwambia baba sasa amekuwa mtemi wa mtandao. Na kweli ng'ombe wa jirani yetu walikamatwa karibu na Kahama kabla mwizi hajawauza, tukasifu sana.

Ndani ya grupu hilo ndimo ulimoingia ule ukurasa wenye picha ya ng'ombe wa pembe ndefu. Nani aliuleta kwanza, hakuna anayejua. Ulianza kwa upole kabisa. Bei za ng'ombe minadani, video za ngoma za mavuno, vichekesho vya mume na mke wanaogombea debe la karanga. Asubuhi ulitusalimia kwa lugha yetu, mwangaluka, na mchana mwadila. Baba haoni vizuri, kwa hiyo alikuwa anasomewa na wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu anachimba dhahabu Geita, anashuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na huku nyumbani amemwachia baba mke na watoto wawili, wa kiume ambaye ameanza kuchunga mbuzi, na binti ambaye wakati huo alikuwa anatambaa na kuokota kila kitu akaweka mdomoni.

Basi, jioni ilikuwa ni kucheka tu. Nikipita nyumbani nawakuta wifi na baba wameinamia simu, mmoja anasoma, mwingine anashika mbavu. Nilifurahi, maana baba tangu mama afariki alikuwa mtu wa kimya.

Halafu taratibu ukurasa ukaanza kutuonyesha dunia. Leo picha ya kiongozi wa nchi moja ya mbali anambeba mtoto mweusi, kesho video ya wanajeshi wa nchi hiyo wakigawa unga. Keshokutwa maneno kwamba mataifa mengine yote yanatudharau ila hili. Baba, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ya Mwanza kutibiwa jicho, akawa na msimamo mkali juu ya vita ya watu wanaoishi kwenye barafu. Mnadani walikuwa wanabishania majemadari wa huko mpaka ng'ombe wanasahaulika. Mwendesha bodaboda mmoja wa Masumbwe alifunga bendera ngeni kwenye kioo cha pikipiki yake. Nilimuuliza ni ya nchi gani, akanijibu ni ya wanaotupenda. Nilimtania kwamba wanaompenda wangemnunulia tairi.

Sikutania tena ukurasa ulipogeukia chanjo. Uliandika kwamba wageni wanaitaka ardhi ya kwetu kwa sababu chini yake kuna dhahabu, na kwamba kuhamisha watu kumekuwa na kelele nyingi, kwa hiyo sasa wametafuta njia ya kimya. Njia yenyewe ni sindano ya surua. Mtoto akichomwa, ama atakufa, ama hatazaa, na baada ya muda ardhi itabaki tupu. Hilo la watu kuhamishwa kupisha migodi si uongo. Wajomba zangu walihama, na malalamiko yao nayajua, nimeyasikia tangu nikiwa msichana. Mwongo aliyetutungia habari hii alijua mahali panapotuuma, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Palikuwa na sentensi moja: "Ardhi yenye dhahabu haitaki watoto." Niliisikia kwa mara ya kwanza kwa mama mmoja aliyekuja zahanati na mtoto mwenye kuhara. Nikaisikia Ushetu, nilipokwenda arusini, ikitoka kwa mkulima wa tumbaku ambaye hamjui yule mama wala hajawahi kufika kwetu. Nikampigia simu mdogo wangu Geita kumjulia hali, naye akaniambia huko machimboni wanasema ardhi yenye dhahabu haitaki watoto. Neno kwa neno, hata pumzi wanavutia pale pale. Nilikata simu nikakaa kitandani. Watu wa mikoa miwili, wachimbaji, wakulima na wafugaji, walikuwa wamewekewa sentensi moja mdomoni, na kila mmoja alikuwa anaapa ni mawazo yake mwenyewe.

Kisha ikaja video ya mama anayelia. Amejifunga kanga, amekaa chini, anasema kwa Kiswahili chenye lafudhi yetu kabisa kwamba wanawe wamekufa Ushetu baada ya kuchomwa surua. Nilimpigia mwenzangu muuguzi wa huko, nimesoma naye chuo, nikamuuliza kumetokea nini. Akanijibu kwamba kwao wanaambiwa limetokea kwetu.

Siku ya mwano ilikuwa siku ya huduma ya mkoba. Yaani sisi wa zahanati tunabeba chanjo kwenye kibebeo chenye barafu, tunapanda pikipiki na kuwafuata watoto wa vijiji vya mbali. Zamu hiyo ilikuwa ya kijiji chetu, na kituo chetu pale ni baraza ya kigango, kanisa dogo la kijiji. Nilitundika mizani kwenye boriti, nikapanga kadi, nikakaa. Siku zote kina mama hujaa mpaka wanagombania kivuli, wananitania unene wangu, wanauliza kama mume wangu ananilisha maziwa ya ng'ombe wangapi. Siku hiyo hakuna aliyekuja. Aliyekuwepo ni mke wa katekista tu, anafagia mahali palipokwisha kufagiwa, na hataki kuniangalia.

Ndipo niliposikia mwano. Ulianzia upande wa mashamba ya mihogo, sauti ya mwanamke mmoja, ikapokewa na ya pili, kisha za wanaume. Mimi ni mtoto wa mtemi, nimekulia ndani ya sauti hiyo. Miguu yangu iliinuka yenyewe. Nilikwishaokota fimbo na kushuka ngazi za baraza, niende nikasaidie, ndipo nilipoona wanaume wanatokea huku na huku na wote wananitazama mimi. Fimbo ikanitoka mkononi.

Sijui nieleze vipi. Wengine kati yao nimewazalishia wake zao. Mmoja nilimshona mguu alipojikata na shoka, naye siku hiyo ndiye aliyepiga teke mizani yangu ikakatika kamba. Nilichokumbuka kufanya ni kukaa juu ya kibebeo cha chanjo, kama mama anavyokalia mzigo wake stendi.

Baba alifika katikati ya kundi la nyuma, anahema. Alisukuma watu, akafika mbele, akaniona. Alinitazama mimi, akatazama kile nilichokikalia, akawatazama wenzake. Uso wake ulibadilika nikadhani anaanguka. Lakini hakuja kwangu. Alisimama pale pale, akashusha rungu, akauliza kwa ile sauti yake ya kazi:

"Nani kapiga mwano?"

Hiyo pia ni sheria, na ni ya zamani kuliko zote. Watu wakishafika, kabla mtu hajaguswa, aliyepiga yowe hujitokeza na kusema alichokiona kwa macho yake. Akiwa kapiga bure, faini inamgeukia yeye.

Wakasogezana. Mwishowe akatoka mama mmoja kijana, mtoto mgongoni. Baba akamuuliza ameona nini. Akasema ameona muuguzi amekuja na sindano za kuua watoto. Baba akamuuliza ameona mtoto gani ameuawa. Akasema ameona kwenye simu. Ameletewa na nani? Akamwonyesha kidole kamanda wa sungusungu, yule yule mwendesha bodaboda mwenye bendera. Kamanda akasema yeye amepokea kutoka grupu la tumbaku la Ushetu, na kule wamepokea kutoka kwenye ukurasa wa ng'ombe.

"Na mwenye ukurasa ni nani?"

Kamanda akasema ni mtu wa huku huku kwetu, mbona anasalimia mwangaluka. Baba akasema vizuri, basi aitwe aje, aseme alichokiona. Kamanda akaanza kubofya simu. Akabofya, akabofya, watu wamemzunguka. Kuna mahali ukifungua panakuonyesha wanaouendesha ukurasa wapo nchi gani, na mimi sikuwa nimepajua mpaka siku hiyo. Alipafikia. Akasoma kimoyomoyo, akarudia, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba Tanzania hakuna hata mmoja. Akataja nchi walipo. Sitaitaja hapa, kwa sababu majirani zangu wataanza kuichukia kesho asubuhi, na mimi nimechoka na chuki za kuletewa.

Mzee mmoja akauliza nchi hiyo iko mkoa gani. Hakuna aliyecheka.

Nilikuwa bado nimekalia kibebeo changu. Mtu aliyekuwa anataka nipigwe, mtu aliyejua maneno yetu ya asubuhi na ya mchana, aliyejua uchungu wa wajomba zangu, alikuwa ameketi mahali ambako hata jua la kwetu halijatoka, na hajui kama mimi nipo duniani.

Baba alikata shauri palepale. Alisema mwano usio na mwenyewe si mwano. Akasema kuanzia siku hiyo, neno la hatari halipelekwi mbele mpaka apatikane aliyeliona kwa macho. Yule aliyevunja mizani aliiokota, akaifunga kamba, akanikabidhi bila kuinua uso. Watu wakatawanyika wawili wawili. Nilimpenda baba yangu siku hiyo kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nilimwambia hivyo, nalia njia nzima tukielekea nyumbani.

Tulipofika nilimkuta wifi uani, mtoto anatambaa miguuni kwake. Binti alikuwa amefikisha umri wa chanjo ya surua na kuupita. Nilimwambia baba barafu bado ipo, tumchanje huyu sasa hivi, kesho wengine wakiona mjukuu wa mtemi amechomwa watafuata.

Baba alikaa kwenye kigoda, akajisugua goti.

"Tusubiri kidogo, mayu," akasema, kwa lile neno la mama analoniitia.

Nilidhani sikusikia. Nikamuuliza si yeye mwenyewe aliyesema mbele ya watu, na jasho bado halijamkauka.

"Nimesema mwano hauna mwenyewe," akanijibu. "Sijasema hakuna moto."

Nilichanganyikiwa. Nikatoa simu yangu, nikafungua nilichokuwa nimekitafuta wiki ile baada ya kuongea na mwenzangu wa Ushetu. Yule mama anayelia, nilimpata kwenye kurasa nyingine za nchi nyingine. Kanga ile ile, machozi yale yale, lakini safari hii anaongea lugha nisiyoijua, na kwingine lugha nyingine tena. Ukimwangalia kwa makini, midomo yake haiendani na neno lolote, si la kwetu wala la kwao. Nilimsogezea baba simu mpaka karibu na jicho lake zima. Nikamwambia tazama, ni mtu mmoja, hata hajulikani kama ni mtu, anatumwa kila nchi kulia.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Kwa hiyo na huko wamewafanyia."

Nimefundishwa kupambana na ugonjwa. Nimefundishwa kumbembeleza mama mwenye hofu, kueleza, kurudia kueleza. Hakuna aliyenifundisha cha kufanya ushahidi wa uongo unapopokelewa kuwa ushahidi wa ukweli, tena na baba yako, mtu aliyetoka kukuokoa. Nilirudisha simu mfukoni.

Wifi hakusema ndiyo wala hapana. Kwetu mke wa mtoto hampingi baba mkwe mbele yake, na mume wake alikuwa ardhini huko Geita. Alichukua ndoo akaenda kisimani, akaniachia mtoto mapajani. Baba naye akaenda kuangalia zizi. Nikabaki peke yangu na yule binti, ananivuta hereni, anacheka kwa meno yake mapya, na kibebeo kipo pembeni ya mguu wangu. Ingekuwa dakika moja. Angelia kidogo, ningemnyamazisha, hakuna ambaye angejua. Lakini sindano ya kuiba ndiyo hasa ukurasa ule ulikuwa unawaambia kwamba tunafanya. Mama yake hakuniruhusu. Nilimwosha binti mikono iliyojaa udongo, nikamrudishia mama yake aliporudi, nikaondoka.

Surua iliingia kijijini wakati wa kuchuma pamba. Mimi sikuitwa. Kwetu wapo wengi wanaoamini kwamba mtoto mwenye surua hachomwi sindano ya aina yoyote, kwamba vipele vitarudi ndani na kumuua, kwa hiyo muuguzi ndiye mtu wa mwisho kuambiwa. Wifi alimfungia mtoto chumba cha ndani, akamwogesha maji ya majani. Nilipata habari kwa mgonjwa mwingine, aliyedhani najua. Nilikwenda na viatu vya kazini. Nilimkuta binti macho yamevimba hayafunguki, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa. Kamanda alitupakia kwenye bodaboda, mimi katikati nimempakata mtoto, wifi nyuma, hakuuliza nauli wala njia. Mtoto alifia mikononi mwangu kabla hatujafika barabara ya lami. Nililijua hilo peke yangu kwa mwendo mrefu, maana wifi alikuwa nyuma yangu na nilishindwa kugeuka kumwambia.

Tulimzika nyumbani, pembeni ya mama. Mdogo wangu alifika kutoka Geita na vumbi la mwamba bado kwenye nyusi, akabeba jeneza la mwanawe peke yake kwa sababu lilikuwa dogo. Baba alimfuata nyuma, kofia mkononi. Kijana mmoja alipiga picha akaiweka kwenye grupu kutangaza msiba, kama tulivyozoea, ili ndugu wa mbali wajue. Msiba nao hupelekwa mbele. Ilikwenda Ushetu, ikaenda Kahama, ikaenda Geita.

Hatujaondoa matanga, kamanda akaniita nyuma ya nyumba, simu mkononi. Alikuwa ameshaifungua ile bendera kwenye pikipiki yake, tangu siku ya kigango. Alinipa tu simu. Ilikuwa picha yetu. Mdogo wangu na jeneza, baba nyuma yake, na nusu ya uso wangu mimi. Imewekwa na ule ukurasa wa ng'ombe. Juu yake wameandika kwamba mtoto wa Mbogwe ameuawa na chanjo ya surua, mtazameni babu yake.

Mtoto ambaye hakuchanjwa, ambaye amekufa kwa sababu hakuchanjwa, alikuwa amefanywa shahidi wao. Chini yake watu walikuwa wanalaani wauguzi, maelfu ya watu, na si wageni hao. Walikuwa watu wetu. Niliona majina ninayoyajua, mwalimu wa Ushetu, muuza duka wa Masumbwe. Nikaona la mwanaume aliyechimba lile kaburi, ambaye wakati ule ule alikuwa amekaa uani kwetu anakunywa uji wa msiba. Kamanda alikuwa amejaribu kuandika kwamba yeye ndiye aliyembeba mtoto na kwamba hakuwahi kuchanjwa. Walimjibu kwa kumcheka. Walimuuliza amelipwa na nani.

Nilimwendea yule mchimba kaburi nikamuuliza kwa nini. Hakukasirika. Aliniambia kwamba yeye ameona msiba wetu, akaupokea, akaupeleka mbele, maneno ya juu hakuyasoma vizuri. Baba alisikia, akaomba aonyeshwe. Aliisogeza simu karibu na jicho, akaipeleka mbali, akaisogeza tena.

"Huyu ni mimi," akasema.

Akairudisha simu kwa mwenyewe, akaenda zizini, akasimama huko mpaka ng'ombe waliporudi. Hajamruhusu mtu kumsomea ukurasa wowote tena, wala hajazungumzia chanjo, si ya kuipinga wala ya kuitetea. Watu waliomsubiri aseme neno moja kama mtemi bado wanasubiri.

Mimi nilibaki na kina mama jikoni. Walipotoka kwenda kuchota maji tukabaki mimi na wifi, na kijana wake mkubwa ameegemea goti langu, anachezea kamba ya saa yangu ya kazi. Huyo nilimchanja mimi mwenyewe chanjo zake zote, wifi akiwa amemshikilia, tukicheka alivyokuwa akinitukana kwa Kisukuma cha kitoto. Wifi alikuwa anapepeta mchele. Aliacha kupepeta. Nilijua ameshaiona picha, maana kila mtu alikuwa ameiona.

"Wifi," akaniambia taratibu, "niambie tu ukweli. Sitamwambia mtu, hata mume wangu sitamwambia. Siku ile nilipokwenda kisimani nikakuachia mtoto, ulimchoma?"

Huyu ndiye aliyemzaa. Ndiye aliyemwogesha kila siku, aliyejua kila alama kwenye mwili wake, aliyeitunza kadi ya kliniki yenye nafasi ya surua tupu. Nilimtazama nikitafuta dalili kwamba ni uchungu tu unaongea, kwamba kesho atasahau. Alikuwa mtulivu. Alikuwa anauliza kwa sababu anataka kujua.

Nikamwambia sikumchoma. Nikamwambia naapa kwa kaburi la mama. Nilitaka kumwambia kwamba laiti ningemchoma, leo angekuwa anatambaa hapa, lakini nilijua neno hilo akilisikia atasikia kitu kingine kabisa.

"Haya," akasema.

Alinitazama kidogo. Kisha akaweka ungo chini, akanyoosha mkono, akamwita mwanawe, akamtoa gotini kwangu na kumkalisha upande wake wa pili.